TV flati ipi inafaa kwenye kabati la gemu za sarafu? Seremala ananisubiri

#1 kijiti_chekundu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Niende moja kwa moja. Najitengenezea kabati la gemu, yale ya kusimama ambayo zamani ulitumbukiza sarafu ndipo ucheze. Ndani nitaweka Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, ambayo ninayo tayari. Stiki mbili na vitufe vimeshafika. Seremala wangu wa Keko ameshanunua mbao za MDF na kila asubuhi ananipigia: "Bosi, nikate au nisikate?" Kilichobaki ni TV.

Mimi moyo wangu uko kwenye flati ya inchi 43, 4K, smart. Mgeni akiingia sebuleni ajue hapa kuna kitu. Gemu zenyewe ni za kale: Street Fighter II, Metal Slug, Mortal Kombat, na Pac-Man ya mama watoto, ambayo ndiyo pekee anayoicheza na ananinyoosha kila siku.

Inchi 43 ni sawa? 4K ina faida yoyote hapa? Mpya au ya mtumba? Naomba kuwasilisha.

#2 kigoda_cha_mbele

Nimekaa pale. Wajuvi waje.

#3 mbao_na_gundi

Mkuu, kwanza kabisa mpigie seremala mwambie aweke msumeno chini. Usikate hata ubao mmoja kabla TV haijafika nyumbani kwako ikawa mezani na wewe una futi mkononi. Mimi nilikata kwa kufuata "inchi 32" niliyoandikiwa dukani, TV ilipofika fremu yake ilizidi nafasi kwa sentimita moja na nusu. Sentimita moja na nusu! Nilipiga randa mbao za pembeni kwa ndani hadi kabati likawa linayumba kama kitanda cha gesti.

Inchi za dukani zinapimwa kona kwa kona na hazikuambii lolote kuhusu kabati. Kioo cha 43 kina upana wa sm 95. Weka fremu ya TV, weka mbao mbili za mm 18 pembeni, unagusa mita moja. Sasa nenda kapime korido ya nyumba yako pale inapokata kona.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Gemu zako zote zilichorwa kwa kioo cha 4 kwa 3, siyo hiki kirefu cha 16 kwa 9. Kwa hiyo kwenye flati kinachokuhusu ni KIMO cha kioo. Upana unaobaki pembeni ni weusi tu. TV ya inchi 32 ina kimo cha kama sm 40, hivyo Street Fighter itakaa kwenye sm 53 kwa 40. Hiyo ni sawa na TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo, ya inchi 26 hivi. Ukiwa umesimama sm 70 kutoka kwenye kioo, hiyo ni picha kubwa kweli. Kwenye 43 utakuwa unageuza shingo kutafuta mstari wa uhai wa mpinzani.

Na shemeji yetu pia tumfikirie. Pac-Man ya mwaka 1980 ilichezwa kwenye kioo cha inchi 19 kilichosimamishwa kwa ubavu. Ukiiweka kwenye flati ya 32 iliyolala kawaida, picha inaingia sm 30 kwa 40. Kona kwa kona hapo ni inchi 19 na nusu. Yaani atacheza kwa ukubwa uleule wa mashine ya asili bila wewe kugeuza chochote.

#4 kijiti_chekundu

Duh. Hiyo ya Pac-Man sikuijua. Lakini mkuu, hayo maweusi ya pembeni si naweza kuyaondoa kwa kuvuta picha ijae kioo chote?

#5 chogo_milele

Kuvuta unaweza. Ukivuta, wapiganaji wa Street Fighter wananenepa: Ryu anakuwa kama katoka kwenye harusi tatu siku moja, na lile jitu Zangief linakuwa kabati ndani ya kabati. Usifanye hivyo, utachekwa na watoto.

Ila mimi nina la moyoni. Nyote mnahangaika na flati wakati TV za chogo zinatupwa. Hizi gemu zilichorwa kwa ajili ya chogo. Hakuna kuchelewa kwa picha, mistari ya kioo inalainisha michoro yenyewe, na hiyo Pi 4 yako inatoa picha ya waya wa njano kupitia tundu lake la earphone, ila uiruhusu kwanza kwenye setingi. Halafu gemu za bunduki kama Duck Hunt ya 1984, bunduki yake ya asili kwenye flati haifanyi kazi KABISA. Inategemea jinsi chogo linavyochora mwanga mstari kwa mstari.

#6 mbao_na_gundi

Chogo_milele nakuheshimu, na picha ya chogo ni tamu, silipingi hilo. Lakini la inchi 29 linaweza kufika kilo 40, na ukitaka kuliweka kwenye kabati lazima ulivue kava. Ndani kuna volti elfu 20 na kuendelea, na zinabaki mle hata ukishachomoa waya ukutani. Mleta uzi hajatuambia kama ni fundi TV. Kama siyo fundi, akae mbali na nyuma ya kile kioo.

#7 chogo_milele

Hilo la volti nakubali. Kwa asiyejua, asiguse.

#8 milisekunde_254

Niaje wakuu. Niko Nairobi, nimejenga mbili, ya kwanza nikaivunja. Tatizo haikuwa size ya TV. Tatizo lilikuwa kuchelewa.

Hivi. TV za siku hizi zikipokea picha kutoka HDMI haziionyeshi papo hapo. Zinaichukua kwanza, zinailainisha, zinaongeza rangi, zinabuni picha za katikati ili mpira uonekane unateleza vizuri, ndio baadaye zinakuonyesha. Kwa filamu hakuna shida maana sauti nayo inacheleweshwa. Kwa gemu ni kifo. Street Fighter inatembea karibu fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 17. TV ikichelewa milisekunde 100, unaona ngumi iliyorushwa fremu 6 zilizopita. Unabonyeza kujikinga, mtu alishakupiga kitambo. Halafu unadhani stiki ni mbovu, unanunua ingine, na hio pia ni "mbovu." Mimi nilinunua tatu.

Usiulize muuzaji. Muuzaji atakwambia "hii ni fasta sana boss." Pima mwenyewe, hapo hapo dukani. Beba laptop na waya wa HDMI. Chomeka kwenye TV, weka setingi ya kuonyesha picha moja kwenye vioo vyote viwili. Fungua saa ya kuhesabu yenye milisekunde. Chukua simu, piga picha laptop na TV zikiwa pamoja. Kama laptop inasema 12.480 na TV inasema 12.390, TV iko nyuma ya laptop kwa milisekunde 90. Piga picha kumi halafu utoe wastani, maana picha moja inaweza kukudanganya kwa fremu nzima.

Baadaye ingia kwenye menyu, tafuta modi ya gemu, iwashe, zima kila kitu chenye jina la kulainisha mwendo au kupunguza chengachenga, urudie kupiga picha. Namba ikianguka, hio ni TV yako. Isipoanguka, salimia watu ushuke ngazi. Ikiwa menyu haina modi ya gemu, jaribu kubadilisha jina la HDMI liwe PC. Kuna TV ambazo zikiona hilo jina zinaacha ujanja wote.

Namba ya mwisho mimi naikubali ikiwa chini ya 40 nyuma ya laptop. Kama una wivu wa Ryu, tafuta chini ya 25.

#9 mpenda_njia_fupi

Si ununue tu PS mkuu uchomeke kwa TV uliyonayo? Kazi yote hii ya nini.

#10 mbao_na_gundi

Haya, mwingine.

#11 nukta_kwa_nukta

Swali la 4K limerukwa. Gemu nyingi za enzi hizo zina mistari 224 au 240 tu ya kimo. Street Fighter II ni 384 kwa 224. Ili picha ikae safi, kila nukta ya gemu inapaswa kuzidishwa kwa namba kamili. 240 mara 3 ni 720, yaani mistari ya HD. 240 mara 9 ni 2160, yaani 4K. 1080, yaani full HD, ndiyo yenye kero: 240 mara 4 na nusu. Ukizidisha kwa nusu, baadhi ya mistari inakuwa minene kuliko mingine, na picha ikisogea unaona kama maji yanatembea juu yake. Dawa ya 1080 ni kuzidisha mara 4 na kukubali ukanda mwembamba mweusi juu na chini. Mimi nafanya hivyo na siku ya pili sikuuona tena.

Angalia pia hizi 32 za bei nafuu zilizoandikwa HD. Nyingi siyo 720 kamili, kioo chake ni 1366 kwa 768, kwa hiyo unatuma 720 halafu TV yenyewe inaivuta. Siyo mwisho wa dunia, lakini ile safi uliyoipigia hesabu imeondoka.

Faida ya kweli ya 4K ni kama unataka zile programu za kuiga mistari ya kioo cha chogo. Zile zinataka nukta nyingi. Lakini zinataka na mashine yenye nguvu, na Pi 4 kwenye 4K itapumua kama imepanda Lushoto kwa baiskeli. Kwa mzigo ulionao, 1080 inatosha.

Na mkishachomeka, mkiona namba za juu zimekatwa ukingoni, TV inakata picha. Kuna setingi ya kuionyesha picha yote kama ilivyo. Kila kampuni inaiita jina lake, iko sehemu ya ukubwa wa picha.

#12 bahari_ya_ruwi

Assalaam alaykum jamani. Miye niko Maskati, na nimekuja kuungama.

Nilipata TV ya OLED, zile ambazo kila nukta ya kioo inajiwakia yenyewe, ya mtumba hapa Ruwi, bei ya kutupa, nikaona nimeotea. Weusi wake ule, wallahi, kama usiku wa Pemba umeme umekatika. Nikaitia kwenye kabati. Mwanangu akawa anaiacha imewaka mchana kutwa kwenye ukurasa wa kungojea sarafu. Baada ya miezi kadhaa, hata nikifungua habari, yale maneno ya kutia sarafu yamebaki pale chini kama kivuli. Msomaji wa habari kavaa maneno shingoni. Halikuwa kosa la TV, ndivyo OLED zilivyo ukiziachia kitu kimoja kimetulia muda mrefu, na gemu hizi zina pointi na majina mahali palepale siku zote. Chukueni LCD ya kawaida.

Na hiyo LCD itazameni kwa ubavu kabla hamjalipa. Wachezaji wawili husimama bega kwa bega, hakuna aliye katikati. Zipo aina za kioo, hasa zile za kompyuta za zamani za bei ndogo, ukisogea kidogo rangi zinageuka, na ukikilaza kioo kinyumenyume kama makabati yanavyotaka, weusi unakuwa kijivu. Simama kushoto, simama kulia, kisha chutama utazame kwa chini. Watu watakucheka, wacha wacheke.

#13 mgao_wa_saa_mbili

Hakuna aliyezungumzia umeme? Kweli nyie mna raha.

Kabati linatakiwa liwake kwa swichi moja. Unabonyeza, Pi inawaka, taa za juu zinawaka, spika zinawaka, na TV... inawasha kataa kekundu na kulala. Unaanza kutafuta rimoti, ukiipata, TV haioni maana ile sehemu yake ya kupokea rimoti umeshaifunika kwa ubao. Hapa umeme unakatika na kurudi, kwa hiyo utaishi maisha hayo kila siku.

Dukani fanya hivi: TV ikiwa inaonyesha picha ya HDMI, chomoa waya wa umeme ukutani. Siyo rimoti, ukutani. Hesabu hadi kumi, rudisha. Ikiwaka yenyewe ikarudi kwenye HDMI ileile, hiyo ni dhahabu. TV za kawaida zisizo smart mara nyingi zinafaulu mtihani huu na zinawaka haraka. Smart nyingi zinaanza na nembo, kisha ukurasa wa filamu, kisha zinakuuliza nenosiri la Wi-Fi, wakati Pi imeshasubiri hadi imechoka.

Ikifeli, bado kuna njia. TV nyingi zina menyu ya siri ya hoteli. Humo unachagua ikipata umeme ifanye nini, ianzie kwenye tundu lipi, na sauti isipite wapi. Tafuta namna ya kuifungua kwa modeli yako, badilisha hayo matatu TU, toka. Usijifanye mhandisi ukagusa mengine, unaweza kuigeuza picha kichwa chini. Njia nyingine, Pi yenyewe inaweza kuiamsha TV kupitia waya uleule wa HDMI, kama TV imewashiwa ruhusa ya kupokea amri hizo.

Na TV gadi usisahau. Ya kabati zima, siyo ya TV peke yake.

#14 kijiti_chekundu

Wakuu nimerudi kutoka Kariakoo. Nimechoka ila nimejifunza.

Nilibeba laptop, waya wa mita 3, na mdogo wangu wa kushika simu. Duka la kwanza nikaomba ile 43 ya 4K ya ndoto zangu. Picha kumi, wastani milisekunde 118 nyuma ya laptop. Nikawasha modi ya gemu, ikashuka hadi 35. Nikasema eh, kumbe inawezekana. Nikachomoa ukutani, nikarudisha: nembo, muziki, ukurasa wa filamu, "chagua lugha." Muuzaji akaniuliza, "Kaka, umekuja kununua TV au kuipiga passport?"

Duka la pili, 32 smart, mpya, HD. Menyu yote nimeizunguka, modi ya gemu hakuna. Nikabadili jina kuwa PC, hakuna kilichobadilika. 70 na kitu. Tukaagana.

La tatu ni la mitumba. Kuna 32 full HD, ya miaka mingi kidogo, nzito, fremu nene, siyo smart. Nilitaka kuipita. Mdogo wangu akasema tuijaribu tu. Bila modi ya gemu 61. Nikaiwasha modi: 22. Nikarudia nikidhani nimekosea kusoma. 22. Nikachomoa ukutani, nikahesabu kumi, nikarudisha. Sekunde chache, picha ya laptop hiyo hapo.

Nikachutama kama mzee wa Ruwi alivyosema. Rangi iko palepale. Nikampa mtu hela yake kabla hajabadili mawazo. Imebaki ya kutosha kununua na amplifaya ndogo.

Ina kidoti kimoja kilichokufa, kona ya juu kulia. Kitakuwa kwenye sehemu nyeusi, ambayo sikuitaka mwanzoni!

#15 mbao_na_gundi

Safi sana. Sasa pima. Upana wa nje, kimo cha nje, na UNENE, maana hizo za zamani ni nene. Mashimo ya nyuma ni ngapi kwa ngapi?

#16 kijiti_chekundu

Nje sm 74 kwa 46, unene 9. Mashimo ya kufungia ukutani ni mm 200 kwa 200. Nawaza kuivua fremu ili ionekane nyembamba.

#17 mbao_na_gundi

USIVUE. Fremu ndiyo inayoshika kioo, na ukingo wa kioo cha LCD unapasuka kama biskuti. Iache na kava lake. Pitisha ubao wa plaiwudi nyuma, ufunge kwa yale mashimo manne ya 200, halafu ubao ndio uushike kwenye kabati kwa skrubu zinazoweza kulegezwa. Siku TV ikifa unaitoa kwa dakika tano. Mbele funika fremu kwa kadi nyeusi isiyong'aa, ukate dirisha la 4 kwa 3. Macho hayataona tena kama ni TV.

Nyuma toboa matundu ya hewa, chini na juu. Dar hii, usiku wa Februari, kabati lililofungwa ni tanuri.

Na amplifaya umefanya vizuri. Spika za flati zinatazama chini au nyuma, ndani ya kabati sauti inakuwa kama mtu anaongea akiwa kwenye ndoo.

#18 kijiti_chekundu

Wiki tatu baadaye. Kabati limesimama.

Seremala alikata vizuri, sm 75 ndani kwa ndani, TV imeingia kama droo. Watu wawili wanasimama bila kugombana viwiko. Kadi nyeusi nimeweka. Nilisahau ile sehemu ya rimoti, nikatoboa tundu la mm 8 kwenye kadi, haionekani. Umeme umekatika mara mbili tangu Jumamosi na mara zote limeamka lenyewe, mara ya pili saa tisa usiku, likaimba wimbo wa Street Fighter nyumba nzima. Mgao_wa_saa_mbili, nimepunguza sauti.

Pac-Man nimeshakoma, mama watoto anacheza akiwa ameshika chai.

Kuna jambo moja linanisumbua. Street Fighter inateleza vizuri, Metal Slug vizuri. Mortal Kombat ile ya kwanza, jukwaa likisogea pembeni inashtukashtuka, kidogo sana, kama gari lenye plagi moja mbovu. Nimebadili waya, nimezima kila kitu kwenye TV. Au nimeuziwa kioo kibovu?

#19 milisekunde_254

Hapana buda, TV yako ni nzima. Mortal Kombat ya 1992, ile ya kina Scorpion, haikutengenezwa kwa mwendo wa 60. Mashine yake inachora kama mara 54.7 kwa sekunde. TV yako inataka 60 kamili, kwa hivyo kila sekunde kuna fremu kama tano zinaonyeshwa mara mbili, na hizo ndizo unaona kama mshtuko. Kuna monita za kompyuta zinazofuata mwendo wa gemu badala ya kuulazimisha, hapo ingeisha. Kwa 32 yako ya mtumba hakuna setingi ya kuitibu.

#20 kijiti_chekundu

Kwa hiyo siyo TV.

#21 milisekunde_254

Si TV. Ni Scorpion.

#22 kigoda_cha_mbele

Picha mkuu. Tumekaa hapa wiki tatu, tuwekee picha.